Sampuli Iliyolala Nyumbani: Kisa cha Ryan Braun

Jioni ya Jumamosi, tarehe 1 Oktoba 2011, mfuko wa usafirishaji wenye chupa za mkojo zilizofungwa kwa lakiri uliingizwa katika nyumba moja ya kawaida jimboni Wisconsin, Marekani, ukateremshwa hadi kwenye ofisi iliyoko chini ya ardhi, ukawekwa ndani ya kasha la plastiki. Ukalala hapo hadi Jumatatu. Tangu mkojo ulipotolewa uwanjani hadi ulipokabidhiwa kampuni ya FedEx ili upelekwe maabara ya Montreal nchini Kanada, zilipita saa 44. Saa hizo zilimwokoa mchezaji maarufu asifungiwe michezo 50, zikamharibia jina mtu ambaye hakuwa akijulikana na yeyote nje ya kazi yake, na hatimaye zikamgharimu nafasi yake msuluhishi aliyekuwa ameitumikia besiboli kwa zaidi ya miaka kumi.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mwongo aliyeponyoka kisha akanaswa. Simulizi hiyo ina ukweli wake, lakini inaruka swali gumu zaidi, nalo ni kama ilikuwa haki kumwachia mtu ambaye baadaye ilibainika kwamba kweli alitumia dawa. Naamini ilikuwa haki. Naamini pia kwamba dhuluma kubwa ya kisa hiki ilimwangukia mtu mwingine kabisa, na ilianza siku moja tu baada ya uamuzi huo wa haki kutolewa.

Mambo yalivyokwenda

Siku hiyo ya Jumamosi timu ya Milwaukee Brewers iliifunga Arizona Diamondbacks 4 kwa 1 katika mchezo wa kwanza wa hatua ya mtoano. Baada ya mchezo, wachezaji watatu wa Brewers walitakiwa kutoa mkojo kwa ajili ya kipimo cha dawa zilizopigwa marufuku. Mmoja wao alikuwa Ryan Braun, mwenye umri wa miaka 27, aliyekuwa nguzo ya safu ya ushambuliaji ya timu hiyo na ambaye mwezi Aprili wa mwaka huohuo alikuwa ameongezewa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 105. Tarehe 22 Novemba waandishi wa habari za besiboli walimpigia kura kuwa Mchezaji Bora wa Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, kwa pointi 388 dhidi ya 332 za Matt Kemp wa Los Angeles Dodgers. Waliopiga kura hawakujua lolote. Braun mwenyewe alikuwa ameshaarifiwa tangu Oktoba kwamba sampuli yake imeonyesha tatizo.

Tatizo lenyewe halikuwa dogo. Mwili wa binadamu hutengeneza homoni ya testosteroni pamoja na nyingine inayofanana nayo, epitestosteroni, na kwa watu wengi viwango vya hizo mbili kwenye mkojo havipishani sana. Kanuni huruhusu testosteroni izidi hadi uwiano wa 4 kwa 1. Uwiano ulioripotiwa katika sampuli ya Braun ulizidi 20 kwa 1. Maabara haikuishia hapo, kwa kuwa uwiano peke yake unaweza kuvurugwa na mambo mengine, wakiwemo bakteria katika mkojo uliokaa vibaya. Ilifanyika pia kipimo cha isotopu za kaboni, ambacho hutofautisha testosteroni iliyotengenezwa na mwili na ile ya kiwandani. Ile ya kiwandani hutokana na malighafi ya mimea kama soya, na kaboni yake huwa na alama tofauti kidogo na ya homoni ya mwilini. Jibu likawa kwamba testosteroni iliyomo ilitoka nje ya mwili. Hapa msomaji aweke kituo, kwa sababu joto na ucheleweshaji vinaweza kuchezea uwiano, lakini haviwezi kugeuza homoni ya mwilini kuwa ya kiwandani.

Chini ya kanuni za wakati huo, kosa la kwanza liliadhibiwa kwa kufungiwa michezo 50. Mchezaji alikuwa na haki ya kukata rufaa kimyakimya, na jina lake lisitajwe hadi rufaa iamuliwe. Haki hiyo ya pili Braun aliinyimwa. Tarehe 10 Desemba 2011 kituo cha televisheni cha ESPN kilitangaza habari za kipimo hicho, na kuanzia hapo mtu ambaye kanuni zilimhesabu kuwa bado hajahukumiwa alikuwa ameshahukumiwa katika kila baa na kila kipindi cha redio. Wanaosema kwamba uvujaji ule haukuwa na maana kwa kuwa baadaye ilithibitika alitumia dawa wanasahau jambo moja, kwamba aliyevujisha hakuwa na njia ya kujua rufaa ingeishaje. Siri ya rufaa iliwekwa kwa ajili ya yule mmoja ambaye siku moja kipimo chake kitakuwa na kosa la kweli, na mtu huyo hawezi kulindwa ikiwa wengine wote hawalindwi.

Hoja mbele ya msuluhishi

Mpango wa kudhibiti dawa katika besiboli ya Marekani si sheria ya nchi. Ni makubaliano ya kazi kati ya ofisi ya kamishna wa ligi na Chama cha Wachezaji, na migogoro yake huamuliwa na jopo la watu watatu. Mwaka 2012 jopo hilo lilikuwa na Rob Manfred kwa upande wa ligi, Michael Weiner kwa upande wa chama, na Shyam Das, msuluhishi asiye na upande. Kwa kuwa wawili wa kwanza hupiga kura kwa upande waliotoka, kura yenye uzito ilikuwa moja tu.

Makubaliano hayo yalisema kwamba, isipokuwa pakiwa na sababu zisizo za kawaida, sampuli ipelekwe FedEx siku ileile iliyochukuliwa. Mawakili wa Braun walishika maneno hayo na hawakuyaachia. Hawakuhitaji kuthibitisha kwamba mtu aliugusa mkojo. Walichohitaji ni kuonyesha kwamba utaratibu uliokubaliwa na pande zote mbili haukufuatwa, na kuiacha ligi ibebe mzigo wa kueleza kwa nini matokeo yaliyopatikana nje ya utaratibu yatumike kumwondolea mtu kazi na mshahara wa michezo 50.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja nzito. Mkusanya sampuli, ambaye jina lake silitaji kwa makusudi ingawa lilianikwa kila mahali wakati ule, alieleza kwamba hakukuwa na ofisi ya FedEx ndani ya maili 50 kutoka uwanjani ambayo ingesafirisha mzigo siku ile au Jumapili. Kampuni iliyomwajiri, kwa maelezo yake, ilikuwa imewaelekeza wakusanyaji tangu 2005 kwamba katika hali kama hiyo ni heri sampuli ilindwe nyumbani kuliko kuachwa kwenye rafu ya ofisi ya usafirishaji kwa siku nzima au zaidi, mahali ambapo hakuna anayejua imebeba nini. Chupa ilifungwa kwa lakiri mbele ya mchezaji, ikatiwa ndani ya mfuko uliofungwa kwa lakiri, na mfuko ukatiwa ndani ya boksi ambalo nalo lina lakiri yake. Maabara ya Montreal ilipoupokea mzigo, lakiri zote zilikuwa nzima. Braun kwa upande wake alisema kulikuwa na ofisi kadhaa za FedEx karibu na uwanja zilizokuwa wazi jioni ile, mojawapo ikiwa haifungwi usiku wala mchana. Ukitazama vizuri utaona kauli hizi mbili hazigongani. Ofisi inaweza kuwa wazi na kupokea mzigo, na bado mzigo usiondoke hadi Jumatatu. Kilichobishaniwa ni kama neno "kupeleka" linatimia mzigo unapopokelewa au unapoanza safari.

Tarehe 23 Februari 2012 Das alimpa Braun ushindi kwa kura mbili dhidi ya moja. Alikuwa mchezaji wa kwanza wa ligi hiyo kushinda rufaa ya aina hiyo. Hoja kamili za Das hazikuwekwa hadharani, lakini ilieleweka kwamba uamuzi ulisimama juu ya utunzaji wa sampuli na haukugusa kama mchezaji alitumia dawa au hakutumia. Manfred alitoa taarifa kwamba ligi inaupinga uamuzi huo kwa nguvu zote.

Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia kesi za dawa za kulevya katika mahakama za Tanzania hatapata shida kuelewa alichofanya Das. Huko huitwa mnyororo wa utunzaji wa kielelezo. Mshtakiwa amekamatwa na kifurushi cha bangi, Mkemia Mkuu wa Serikali amethibitisha kwamba ni bangi, mashahidi wameapa, kisha wakili anasimama na kuuliza swali moja: kati ya siku ya kukamatwa na siku ya kufikishwa kwa mkemia, kifurushi hiki kililala wapi, na nani alikuwa na ufunguo? Ikiwa hakuna daftari linalojibu, kesi huweza kufia hapo. Watu walioketi kwenye mabenchi ya nyuma huguna, kwa sababu wanamjua mshtakiwa na wanajua anachouza. Mahakama hiyohiyo, hata hivyo, imewahi pia kulegeza kamba pale ambapo kielelezo ni cha aina isiyobadilika wala kupotezwa kirahisi. Kwa hiyo hata kwa kipimo cha mahakama zetu, lakiri tatu zisizovunjwa zingempa hakimu sababu ya kufikiri mara mbili.

Chini ya Kanuni za Dunia za Kupambana na Dawa Michezoni, ambazo besiboli ya Marekani haikuwa imejifunga nazo, Braun huenda angeshindwa. Huko mwanamichezo anayelalamikia kasoro ya utaratibu hutakiwa kwanza aonyeshe kwamba kasoro hiyo ingeweza kusababisha matokeo yale. Asbel Kiprop wa Kenya, bingwa wa Olimpiki wa 2008 na bingwa wa dunia mara tatu wa mita 1500, alikutana na ukuta huo. Sampuli yake ya Novemba 2017 ilikutwa na EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu. Kitengo cha Uadilifu wa Riadha kilikiri kwamba aliarifiwa mapema kuhusu ujio wa wapimaji, jambo ambalo ni kinyume cha taratibu, lakini kikashikilia kwamba kuarifiwa mapema hakuwezi kuingiza EPO kwenye mkojo wa mtu. Aprili 2019 alifungiwa miaka minne. Mwanariadha wa Iten na mchezaji wa Milwaukee wanapimwa kwa mizani mbili, na tofauti kubwa ni kwamba wachezaji wa besiboli wana chama chenye nguvu kilichokaa mezani na waajiri kuandika kanuni, wakati mwanariadha hupewa kanuni zilizokwisha kuandikwa.

Ningekuwa kwenye kiti cha Das ningesitasita, hasa kwa sababu ya kile kipimo cha kaboni. Hata hivyo naona alitenda haki, na sababu yangu haihusiani na Braun. Ligi ndiyo iliyomkodi mpimaji, ndiyo iliyoweza kudai maandishi yaseme kwa lugha nyoofu kwamba Jumamosi jioni sampuli iwekwe nyumbani, na ndiyo iliyoacha maandishi yaseme jambo moja huku wakusanyaji wakielekezwa jingine. Mchezaji hakuwa na sauti katika maelekezo yale. Mtu akitia saini kanuni isiyolingana na desturi yake mwenyewe, hasara ya kutolingana huko haiwezi kutupiwa upande usiohusika na desturi hiyo. Mwaka huohuo wa 2012 pande zote mbili zilikaa tena na kurekebisha maelekezo ya utunzaji na usafirishaji wa sampuli, jambo ambalo lisingehitajika kama maandishi ya awali yangekuwa timilifu.

Kushinda rufaa na kuwa msafi

Siku iliyofuata, tarehe 24 Februari 2012, Braun alisimama mbele ya waandishi wa habari katika kambi ya mazoezi ya timu yake mjini Phoenix, jimboni Arizona. Angeweza kusema kwamba amekata rufaa, amesikilizwa, ameshinda, na anarudi kazini. Maneno hayo yangekuwa ya kweli na yangetosha. Badala yake alisema angeweka rehani maisha yake kwamba dawa ile haikuingia mwilini mwake wakati wowote. Kisha akaongeza kwamba yeye na wenzake walikuwa wamejifunza mambo mengi kumhusu mkusanya sampuli na namna kazi ile ilivyofanyika, mambo yaliyowatia wasiwasi mkubwa, na akamwachia msikilizaji amalizie mwenyewe.

Hapa ndipo kisa kinapogeuka, na ndipo napenda msomaji akae kidogo. Kwa miezi minne Braun alikuwa amedai, kwa haki kabisa, kwamba mtu asihukumiwe kwa tuhuma, kwamba kila hatua ithibitishwe, kwamba jina la mtu lisichafuliwe kabla ushahidi haujapimwa. Alipopewa yote hayo aligeuka akamtupia mtu mwingine tuhuma isiyokuwa na hatua hata moja iliyothibitishwa. Hakutaja kitendo. Hakuonyesha lakiri iliyovunjwa. Hakueleza ni kwa njia gani mtu aliyekaa na sampuli za wachezaji watatu zisizo na majina angetia testosteroni ya kiwandani ndani ya sampuli moja pasipo kugusa lakiri. Kwenye usuluhishi wenyewe upande wake haukuhitaji kuthibitisha uchafuzi wa makusudi ili ushinde, na kwa hiyo tuhuma hiyo haikuwahi kupimwa na jopo lolote. Ilisemwa pale ambapo hakuna anayeruhusiwa kumhoji msemaji chini ya kiapo.

Mtuhumiwa huyo mpya hakuwa na chama. Alikuwa mtu wa kazi ya ziada ya mwisho wa wiki, mwenye shahada mbili za uzamili, aliyekuwa amekusanya sampuli zaidi ya 600 tangu 2005. Siku zile waandishi walipiga kambi nje ya nyumba yake. Hakukuwa na msuluhishi wa kumkatia rufaa wala utaratibu wa siri wa kumkinga. Alichoweza kufanya ni kutoa taarifa ya kurasa chache siku chache baadaye, akieleza hatua kwa hatua alivyozipokea chupa, alivyozifunga, mahali alipoziweka na saa alizozituma. Ukiisoma taarifa ile utaona ni ya mtu anayejibu shtaka ambalo hajasomewa.

Lugha yetu inatusaidia kidogo hapa. Mahakama ikisema "hakupatikana na hatia" haijasema "hana hatia", na wazee wa baraza wanaoijua kazi yao hawachanganyi maneno hayo mawili. La kwanza ni hukumu juu ya ushahidi uliowekwa mezani. La pili ni kauli juu ya mtu, na hakuna msuluhishi wa besiboli aliyepewa mamlaka ya kuitoa. Braun alichukua la kwanza akaliuza kwa bei ya la pili, na wengi walinunua, akiwemo mchezaji nyota wa mpira wa Kimarekani Aaron Rodgers, rafiki yake, aliyeahidi hadharani kwenye mtandao kuweka mshahara wake wa mwaka kama dau la usafi wa mwenzake.

Das naye alilipa. Mei 2012 ligi ilimwondoa kwenye nafasi yake. Makubaliano yaliruhusu upande wowote kumwondoa msuluhishi wakati wowote, kwa hiyo hakuna kanuni iliyovunjwa. Lakini atakayeketi kwenye kiti hicho baada yake anajua kilichompata mtangulizi wake miezi mitatu baada ya kuamua dhidi ya ligi, na sidhani kama kuna mchezaji anayesubiri rufaa ambaye halijui jambo hilo.

Karatasi za Miami

Januari 2013 gazeti la Miami New Times lilichapisha habari zilizotokana na daftari za kliniki iliyoitwa Biogenesis, iliyokuwa ikiendeshwa na Tony Bosch katika eneo la Miami. Siku chache baadaye jina la Braun nalo likaonekana kwenye kumbukumbu hizo. Maelezo yake yalikuwa kwamba mawakili wake walimtumia Bosch kama mshauri wakati wa rufaa. Maelezo hayo hayakuwa ya kijinga, kwa kuwa mawakili wanaotetea kesi ya uwiano wa testosteroni hutafuta watu wanaoijua testosteroni, lakini hayakudumu. Tarehe 22 Julai 2013 alikubali kufungiwa michezo yote 65 iliyobaki ya msimu bila malipo, 15 zaidi ya adhabu ya kawaida ya kosa la kwanza, na akapoteza zaidi ya dola milioni 3. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 22 Agosti, alitoa taarifa akikiri kwamba mwishoni mwa msimu wa 2011, alipokuwa akiuguza jeraha, alitumia krimu na kidonge cha kumung'unya vyenye dawa zilizopigwa marufuku. Ndani ya taarifa hiyo alimwomba radhi mkusanya sampuli.

Mtu akiziweka kesi hizi mbili upande kwa upande atakuta kinyume cha ajabu. Mwaka 2012 kulikuwa na ushahidi wa kimaabara, wa kitu halisi kilichotoka mwilini, ukashindwa kwa sababu ulilala usiku mbili mahali pasipotajwa kwenye kanuni. Mwaka 2013 hapakuwa na mkojo wala damu, palikuwa na karatasi. Baadhi ya nyaraka za kliniki hiyo zilikuwa zimeibwa kutoka kwenye gari, na ligi ilinunua nyaraka kwa fedha. Bosch mwenyewe alifunguliwa kesi ya madai na ligi, kisha akakubali kushirikiana nayo na kesi ikaondolewa. Kama mnyororo wa utunzaji ndio kigezo, kasha la plastiki lililokuwa chini ya nyumba ya yule mkusanyaji lilikuwa hazina ya benki ukilinganisha na njia zilizopitiwa na karatasi hizo. Karatasi hizo hazikuwahi kupimwa katika rufaa ya Braun kwa sababu safari hii hakukata rufaa. Wachezaji wengine 12 walikubali kufungiwa michezo 50 tarehe 5 Agosti 2013. Alex Rodriguez wa New York Yankees, aliyepewa michezo 211, ndiye aliyepigana, na Januari 2014 msuluhishi Fredric Horowitz akaipunguza adhabu hadi michezo 162.

Sisemi kwamba adhabu za 2013 hazikuwa halali. Nasema kwamba waliomlaani Das kwa kushikilia utaratibu walinyamaza kimya utaratibu ulipolegezwa kwa faida yao, na ukimya huo unaonyesha kwamba ghadhabu yao ya kwanza ilihusu matokeo.

Somo ambalo wengi walijifunza kutokana na kukiri kwa Braun lilikuwa baya kuliko kosa lake. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri kwa mtu anayetaka kujihadhari na mvua, lakini ukiikabidhi kwa baraza la kuhukumu watu inakuwa kama kisu mikononi mwa mtoto. Braun alikana, watu wakamwamini, ikabainika alidanganya. Kwa hiyo, ilisemwa, kila anayekana anadanganya. Jeff Bagwell wa Houston Astros hakutajwa kwenye ripoti ya Seneta George Mitchell ya Desemba 2007 kuhusu matumizi ya dawa katika besiboli, ambayo iliorodhesha wachezaji 89, na hakuna kipimo kilichotangazwa ambacho alishindwa. Alichokuwa nacho ni misuli mikubwa katika miaka ambayo wenye misuli mikubwa walishukiwa. Mwaka wake wa kwanza kwenye kura ya Jumba la Mashujaa wa Besiboli, 2011, alipata asilimia 41.7 tu, wakati inahitajika 75, na alisubiri hadi 2017 ndipo akaingia. Hakukuwa na shtaka aliloweza kulijibu. Yeye hakuwa hata na saa 44 za kubishania.

Kuna wanaosema Braun angenyang'anywa tuzo ya 2011 na kupewa Kemp. Chama cha waandishi waliopiga kura hakikufanya hivyo, kwa hoja kwamba kura ilipigwa kwa kutumia taarifa zilizokuwapo. Naikubali hoja hiyo ingawa simwonei wivu Kemp. Kufungua upya kura moja kungelazimu kufungua nyingine nyingi za miaka ambayo hakukuwa na vipimo kabisa, na huko nyuma hakuna atakayejua mshindi wa pili alikunywa nini.

Machi 2014 ligi na wachezaji walipandisha adhabu ya kosa la kwanza kutoka michezo 50 hadi 80, na ya kosa la pili hadi 162, na wachezaji wenyewe ndio waliokuwa miongoni mwa waliodai ukali huo. Tarehe 31 ya mwezi huo Brewers walifungua msimu nyumbani dhidi ya Atlanta Braves. Braun alipokuja kupiga kwa mara ya kwanza tangu afungiwe, watu wa Milwaukee walisimama wakampigia makofi. Aliendelea kuichezea timu hiyo hadi 2020, akamaliza akiwa amepiga mipira 352 iliyovuka uzio, rekodi ya klabu. Taarifa ya mkusanya sampuli, ile aliyoitoa Februari 2012, bado inapatikana kwa anayetaka kuisoma. Ndani yake ameeleza hata kwamba ofisi yake ya chini ina ubaridi wa kutosha kuhifadhi mkojo.